Mwaka Tuliompigia Odera Makofi

Mama Odera alifariki mwezi uliopita katika nyumba yake ya ghorofa pale Soweto East, Kibera, akiwa na umri ambao hata wanawe hawakuweza kukubaliana juu yake. Nilipopata habari nilifunga duka langu la ushonaji hapa mtaani Satellite, nikavaa viatu vyangu vya kanisani, nikaenda matangani. Sikwenda kwa ajili ya marehemu peke yake. Nilijua Odera mwenyewe atakuwepo, na nilikuwa na neno la kumwambia ambalo nimelibeba karibu miaka hamsini: kwamba siku daktari alipouliza ni nini kilichomharibia akili, mimi nilikuwa na jibu, na nilidanganya. Nimeshona nguo za harusi zisizo na hesabu, nimemzika mume, nimelea watoto wanne mpaka wakaanza kunisahihisha Kiswahili, lakini neno hilo moja lilinishinda kulitoa mdomoni. Nilimkuta ameketi kando ya dirisha, mzee mwembamba mwenye mvi, mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa. "Sasa, Mwikali," aliniambia polepole, kana kwamba tuliachana jana. Nikavuta kiti, nikapewa chai, na kabla sijaonja, mwaka ule wote ukaja ukaketi kati yetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mimi nilikuwa msichana wa cherehani Kawangware, nikishona kwenye veranda ya duka la vitambaa, na Jumamosi kazi ikiisha nilitembea kwa miguu hadi Kibera, Kisumu Ndogo, kwenye chumba cha Mama Odera. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Ndani ya pazia kulikuwa na kitanda chake na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, aliyouza sokoni. Nje ya pazia kulikuwa na mabenchi mawili, meza yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, na bendi. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Kiongozi wake aliitwa Ouma, seremala aliyepiga gitaa la besi na kusema maneno ya watu kumi. Odera ndiye aliyepiga solo. Wapiga ngoma walikuja na kuondoka. Mimi niliitikia nyimbo ambazo maneno yake sikuyaelewa, maana ziliimbwa kwa Kijaluo na mimi ni Mkamba wa Kitui. Ouma alinifundisha sauti moja moja, nikazishika kwa kichwa kama mtoto anavyoshika sala, na watu wakaapa kwamba nimezaliwa kando ya ziwa.

Nikikumbuka chumba kile nakumbuka kwanza kula. Mama Odera alikaanga omena kwa nyanya mpaka harufu yake ikaingia kwenye vitambaa nilivyobeba, na mteja mmoja wa Kawangware aliniuliza kama blauzi yake nimeishonea ndani ya mtumbwi. Mimi nami nilileta muthokoi, yale mahindi yetu yanayotwangwa yakatolewa maganda, kisha yakapikwa na maharagwe. Mama Odera alisema Wakamba huyavua mahindi nguo halafu wanashangaa yakipata baridi tumboni. Alisema hivyo huku anaongeza sahani ya pili. Odera alikula akitazama vidole vyake, kwa sababu hata mikono ikiwa na ugali aliendelea kupiga wimbo fulani juu ya goti. Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia kwa maneno, lakini kila mtu katika mabenchi yale alijua, na ndiyo maana nafasi ya kando yake iliachwa wazi kila nilipofika. Upande mmoja wa ukuta kulikuwa na kanisa dogo na upande wa pili baa, na kuta zenyewe zilikuwa za udongo, kwa hiyo tulifanya mazoezi tukisikia mama mmoja akimshtaki mumewe kwa Mungu, na mume huyohuyo, upande wa pili, akiagiza chupa nyingine.

Bangi ilikuwepo. Vijana walivuta kando ya reli, na hatukuiona kama kitu cha kumuumiza mtu. Hatari tuliyoijua ilikuwa polisi. Hapo ndipo mimi nilipoingia na ufundi wangu. Kwenye mikutano mikubwa ya muziki polisi walisimama langoni wakigeuza mifuko ya vijana nje ndani, na mwanamuziki aliyekamatwa alipotea miezi. Nikawaza. Ukanda wa kiuno cha suruali una kitambaa kigumu ndani yake ili usijikunje. Niliacha inchi tatu upande wa mgongo bila kitambaa hicho, nikaingiza kifuko chembamba cha bitana, na mikono ya askari ilipopita juu yake ilihisi ugumu uleule wa suruali yoyote. Niliishonea bendi nzima suruali pana miguuni, zile tulizoziita bugaluu, na kifuko katika kila moja. Ouma aliniita injinia. Nilicheka, meno yote nje, na sitaficha kwamba nilikionea fahari kifuko kile kuliko kola yoyote niliyowahi kushona.

Mimi mwenyewe nilivuta mara tatu. Nilicheka, nikala ugali wa watu wawili, nikasinzia, basi. Ouma alivuta maisha yake yote na alikufa juzijuzi kwa sukari na uzee, akili yake ikiwa kali kama randa yake. Haya nayasema kwa sababu ndiyo yaliyotupoteza: tulikuwa na mifano miwili mizuri chumbani, na tukadhani mtu wa tatu atakuwa kama sisi. Kwa Odera ilikuwa kitu kingine. Alisema akivuta kila uzi wa gitaa unapata chumba chake, na anaweza kuingia na kutoka. Mwanzoni alivuta siku ya kupiga muziki tu. Kufikia Machi alikuwa anavuta kabla ya chai ya asubuhi, na sisi tukasema anafanya mazoezi kwa bidii.

Pasaka ilipofika kulikuwa na tamasha la siku tatu uwanjani Kawangware, bendi kutoka kila pembe ya mji, kila moja na zamu yake, na watu wamejaa mpaka juu ya mapaa. Sisi tulipanda jukwaani Jumapili alasiri, jua bado kali. Sasa, kuna desturi moja lazima nieleze hapa, maana kila kitu kiligeukia hapo. Katika muziki wa Wajaluo mtu anaweza kusimamisha wimbo katikati ili ajisifu, au amsifu rafiki yake, au kijiji chake. Wanaiita pakruok. Magitaa yanashuka chini, mwenye neno anasema neno lake, watu wanashangilia, kisha wimbo unapanda tena. Ouma alikuwa bingwa wa kuongoza shughuli hiyo, na sisi wengine tulijua mkono ukiinuliwa tunapunguza sauti. Siku hiyo, katikati ya wimbo wa tatu, aliyeinua mkono alikuwa Odera. Hakuwahi kufanya hivyo, alikuwa mtu wa haya. Aligeuza kichwa kama aliyeitwa kutoka nyuma, akajibu kitu, akangoja, akajibu tena. Alikuwa anabishana na mtu. Ouma alishusha besi kama kawaida na kumwachia nafasi. Watu walio karibu na jukwaa walianza kucheka, kwa sababu hawakuwahi kuona pakruok ya namna hiyo, mtu anajibu sifa za mtu asiyekuwepo. Kisha Odera akarudi kwenye gitaa na kupiga solo ambayo mpaka leo sijasikia nyingine kama hiyo. Uwanja mzima ulilipuka kwa makofi. Na mimi nilipiga.

Kesho yake, tukila chumbani kwao, niliona hajagusa chakula. Nikamuuliza kwa sauti ya chini yule aliyekuwa anamjibu jukwaani alikuwa nani.

"Si ulimsikia?" alisema.

Aliniangalia kwa macho ya mtoto aliyeachwa mlangoni. Nilitaka macho yale yatulie. "Nilimsikia," nikamwambia. Akatabasamu, akavuta sahani yake, akala. Nimeyarudia maneno yangu yale mara nyingi kuliko maneno yoyote ya maisha yangu, na sijapata namna ya kuyasema vizuri zaidi, isipokuwa kutoyasema.

Baada ya hapo Ouma alitaka tendo lile lirudiwe kila tulipopiga. Watu walikuja kulitazama. Waliouelewa muziki ule, Wajaluo wenzake, walidhani ni ufundi mpya wa mjini. Mimi nisiyejua lugha nilijitia hamnazo nikidhani ni mila yao. Kila upande uliuachia upande mwingine kujua, na katikati yetu kijana alikuwa anazama. Mwezi wa sita alianza kusema kwamba majirani wa ukutani wanapiga nyimbo zake kabla hajazitunga. Mwezi wa saba alifungua redio ya mama yake, skrubu baada ya skrubu, akimtafuta aliyekuwa anamwita. Bangi aliizidisha, maana alisema ndiyo inayowatuliza hao wanaomwita. Nilimsikia Mama Odera nyuma ya pazia akiwaambia wanawake wenzake wa kanisa kwamba mtoto ana malaria iliyopanda kichwani, na mmoja akamjibu kwamba malaria ya wanamuziki huwa inachelewa kupona. Sikuelewa ni huruma au ni dongo. Mwezi wa nane alikataa chakula chochote kilichopikwa na mama yake. Alisema omena zinamtazama. Tulimkuta ameketi kwenye barabara ya murram huko Kawangware, mvua inamnyeshea, bila shati, akiomba msamaha kwa watu ambao hatukuwaona.

Tulimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, mimi na mama yake, Ouma akimshika mkono njia nzima. Daktari alikuwa kijana, pengine wa umri wetu. Aliuliza maswali yake taratibu: analala, anakula, kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua hivi. Mama Odera alikiri kwamba ndugu yake mwenyewe, huko nyumbani, aliwahi kufungwa kwa kamba mwaka mzima. Kisha daktari akauliza kama anavuta bangi. Mama Odera alisema mtoto wake amelelewa kanisani. Daktari akageukia kwangu. Niliwaza polisi wakiwa kando ya kitanda chake, niliwaza uso wa mama yule akijua kwamba msichana anayekula mezani pake ndiye anayeshona mifuko ya bangi. "Hapana, daktari," nilisema, "havuti." Akaandika.

Walimpa dawa, akalala siku nyingi, na kidogo kidogo Odera wetu akarudi. Alinenepa. Alicheka nilipomletea muthokoi wodini, akasema hata wagonjwa wana haki zao. Sauti zilinyamaza. Mwezi wa kumi alikuwa nyumbani, dhaifu lakini yeye, na hakuna aliyemwambia asiguse bangi, kwa kuwa daktari aliyepaswa kumwambia tulimnyima habari. Ouma alikuwa na maelezo yake kwamba bendi pinzani ilimfanyia kitu. Mimi nilijiambia ni kukosa usingizi. Krismasi ikakaribia na tamasha jingine uwanjani palepale. Odera aliniletea suruali mpya Kawangware, akaiweka juu ya cherehani yangu, akasema, akiona haya, nisisahau kile kifuko. Nilikaa na suruali ile siku mbili. Nilijua. Siwezi kusema sikujua. Lakini alikuwa mzima, alikuwa ananitazama tena kama mtu, na niliogopa kwamba nikikataa nitakuwa ninamwambia yeye ni mgonjwa. Nikashona.

Safari hii hakufika jukwaani. Alasiri ya siku ya kwanza alitupa gitaa chini akakimbia katikati ya watu, na tukamtafuta siku mbili mpaka tukampata Riruta, nyuma ya duka la makaa, amejikunja, amejiziba masikio kwa udongo. Hakunijua. Nilimwita jina lake naye akamjibu mtu mwingine.

Asubuhi ya kumrudisha hospitali, mimi na Mama Odera tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisa. Nilikuwa nimepiga moyo konde kwamba nitamwambia, nikawa nayapanga maneno, mara nikamsikia yeye anaanza.

"Mwikali, hiyo kifuko unashonanga kwa longi ya Odera, mimi naijua tangu Pasaka," alisema. "Ni mimi ndio nafua."

Nilitamani ardhi inimeze. Alisema kila alipopata vile vitu aliviweka motoni, chini ya sufuria, na kesho yake anavikuta vingine. Siku ile ya kwanza mbele ya daktari alikuwa tayari kusema. Alinitazama, akaona nitaaibika, na akahofu sitarudi tena chumbani mwake, na mwanawe akiamka atamtafuta nani. Nikamwambia mimi nami niliogopa kumwaibisha yeye. Hatukulia. Alichukua mkono wangu akauweka kwenye paja lake, akaushika hivyo mpaka tulipoitwa. Wanawake wawili, kila mmoja alimdanganya daktari kwa kumwonea mwenzake huruma, na kijana mmoja alilipia huruma yetu yote.

Tuliingia, tukasema kila kitu, hata inchi tatu za ukanda. Daktari hakutukemea na hakuita polisi. Aliuliza tangu lini, mara ngapi kwa siku, alianza kusikia sauti mwezi gani. Alisema hawezi kutuapia kwamba bangi peke yake ndiyo iliyomletea ugonjwa. Pengine ugonjwa ungekuja hata hivyo, kwa kuwa upo katika ukoo. Wengi huvuta na hawapatwi na haya. Lakini kijana mwenye ukoo kama wake, akivuta kila siku, anaufungulia mlango, na akishapona mara moja hapaswi kuigusa tena maishani. Kisha akafunga faili. "Hili ningemwambia mwezi wa nane," alisema, bila hasira.

Odera hakuivuta tena. Lakini sauti nazo hazikuondoka kabisa. Alikaa miaka nyumbani kwao magharibi, kisha akarudi kwa mama yake, akifanya kazi ndogo ndogo za redio siku alizokuwa sawa. Gitaa hakulishika. Mimi niliolewa na fundi wa viatu mwema, nikajenga maisha yangu, na kila nilipokutana na Mama Odera sokoni tulishikana mikono muda mrefu kuliko watu wanavyofanya.

Hayo yote yalikuwa kati yetu pale matangani huku chai ikipoa. Wanawake walikuwa wanaimba sebuleni. Nikasema kabla sijarudi nyuma tena.

"Odera, ile mara ya kwanza hospitali daktari aliniuliza kama unavuta. Nilisema huvuti. Na Krismasi nikakushonea kifuko kingine."

Alitazama nje ya dirisha. "Mama aliniambia," alisema. "Kitambo. Alisema mlikuwa wawili." Alikunjua vidole vyake kimoja kimoja, kisha akavikunja. Nilingoja anilaumu, na nadhani ningeshukuru. "Na mimi niko na swali," alisema. "Nilikuwa nataka kuuliza mtu alikuwa huko, na Ouma alienda kabla nimuulize."

"Uliza."

"Ile Pasaka. Hao watu walipiga makofi kweli, ama ni mimi tu nilisikia?"

Miaka hamsini madaktari walimfundisha kutoyaamini masikio yake, na walifanya vyema, lakini hakuna aliyewahi kukaa naye kumchagulia kilichokuwa cha kweli na kisichokuwa. Ningeweza kumjibu kwa neno moja tamu nikanyamaza. Nilikwisha kumjibu hivyo mara moja.

"Walipiga," nilisema. "Nilikuwa kando yako. Uwanja mzima ulipiga, na mimi nikapiga. Lakini walifikiri unacheza, Odera. Yule mtu ulikuwa unamjibu, hakuna mtu alimsikia. Hata mimi. Nilikudanganya."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea kitu chenye uzito wake. "Huyo najua hakuwako," alisema. "Na gitaa?"

"Gitaa ulipiga vizuri," nilimwambia. "Hiyo tulisikia wote."